Ua la Nyuma ya Nyumba Yetu Mbotela

Msinicheke, mimi mwenyewe nimeshindwa hata kulia. Wiki ya ubatizo wa binti yangu niliona ua geni nyuma ya nyumba, jeupe, lenye nyuzi ndefu kama ndevu za paka. Nikalipiga picha kila upande kwa kamera niliyoazima kwa ajili ya ubatizo. Picha zilipotoka nikazizungusha kazini. Watu wa mjini kama mimi, hakuna aliyelijua. Nikaanza kuota litaitwa kwa jina langu.

Jana mezani, Mama, aliyetoka Kakamega kwa ajili ya ubatizo, akazitazama zile picha.

“Mwanangu, hii si saga iliyozeeka ikatoa maua? Ndiyo mboga uko nayo mdomoni!”

Nikaacha kutafuna. Mke wangu akapekua bahasha yote ya picha.

“Na za mtoto ziko wapi?”

Kanisani nilikuwa nikibonyeza kamera tu. Filamu yote ilikuwa imeishia kwenye saga.