Konokono wa Mawe Tuliowatwanga kwa Krismasi

Udongo mweupe ukilowa una harufu yake, kama chungu kipya kinapotiwa maji mara ya kwanza. Kwetu Bungu harufu hiyo ndiyo ilikuwa Majilio. Kila mwaka kina mama wa usharika waliteremka hadi karibu na Magoma kuchimba udongo wa kupaka kanisa kabla ya Krismasi, nasi watoto tukiwafuata na vikapu vidogo. Kurudi kulikuwa mlima mtupu. Shingo zilizama mabegani, nyimbo zikakatikia njiani kwa kukosa pumzi.

Mwaka mmoja nilibandua ukingoni mwa machimbo bonge lililojaa konokono wa mawe, wembamba, waliosokotwa kama parafujo. Nilishtuka. Marehemu baba alifanya kazi ya reli Kigoma, na aliniachia maganda machache ya konokono aliyookota ziwani kule. Walifanana na hawa! Nikatamani jambo moja tu: kuambiwa wale wa ziwani na hawa wa kwetu walipataje kuwa ukoo mmoja, ilhali kati yao ni nchi kavu ambayo hata treni huichoka.

Tulipofika kanisani nikamwendea mwinjilisti wetu. "Shikamoo, mwinjilisti. Hawa wametoka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Ni Gharika ya Nuhu. Walikufa maji."

"Konokono wa ziwani anakufaje maji?"

Kina mama waliangua kicheko. "Mtoto wa reli huyo," alisema Mama Shemdoe, msimamizi wa vinu, "maswali yake yana mabehewa!"

Mwinjilisti hakucheka. "Krismasi haingoji konokono," alisema. Mama Shemdoe akalichukua bonge langu, akalitia kinuni. Desturi yetu ilikuwa kutwanga kwanza udongo wenye konokono, kwa kuwa tuliamini ndio unaoshika ukutani. Mama yangu alinibana mkono nisiseme neno. Kuuliza si ujinga, walitufundisha. Lakini siku ile niliuliza, nikajibiwa kwa mchi.

Sasa kanisa linapakwa rangi ya dukani, na mjukuu wangu anasomea miamba chuo kikuu. Namshukuru Mungu kwa hilo asubuhi na jioni. Mwaka jana nilimpeleka Magoma. Ukingo umesawazishwa, pamepandwa nyanya. Alipekua mifereji yote, hakupata hata kipande.

"Bibi," akaniuliza, "katika lile bonge, wakubwa na watoto wao walikuwa pamoja, au walilingana ukubwa?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kama ni wa kila umri, huenda ziwa lilikuwa hapa hapa, waliishi na kuzaana. Kama walilingana, labda maji yaliwachagua kwa ukubwa na kuwaleta kutoka mbali."

Mungu amenifundisha subira, nami sina deni la shukrani kwake nisilolikiri. Lakini pale kati ya nyanya nilikasirika kama mtoto. Tangu utotoni nilimngoja mtu wa kuniuliza hivyo. Nikafumba macho, nikajaribu kuwaona tena. Bonge lile nililishika asubuhi moja tu.

"Sikumbuki, mjukuu wangu," nikamwambia.