Asubuhi ya Mazuku

Mimi nilikuwa mtu wa kukaa. Nasema hivyo bila haya, maana katika miaka ile ya hamsini vijana wa Gisenyi wenye baiskeli tulikuwa makundi mawili: waliopanda mlima wamekaa kitini, na waliopanda wamesimama juu ya pedali. Anayesimama anapendeza kumtazama, sikatai, lakini hufika juu anahema na magoti yanamtetemeka. Mimi nilikanyaga polepole, nimetulia kitini, na samaki wangu walifika salama.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa mtu wa kusimama. Kila siku ya soko tulichukua samaki Rubona, ufukweni mwa ziwa, alfajiri na kuwapandisha Mudende kabla jua halijawaharibu. Njia nzima alinichokoza, na baiskeli yeye aliiita kinga.

"We shemeji, unakaa juu ya kinga kama bibi harusi kwa kiti yake."

"Na we unarukaruka kama mutu alikalia siafu. Tutaonana kule juu."

Tukishapita Rugerero, njia iliteremka kwanza kwenye kibonde cha mawe meusi ya volkeno, ndipo mlima ukaanza. Kibonde kile sikukipenda. Kulikuwa na hewa mbaya, tukiiita mazuku, iliyotoka kwenye mawe na kulala chini, haina harufu wala rangi, hasa asubuhi zisizo na upepo. Aliyesimama ilimfika mapajani tu. Aliyekaa chini au kuchuchumaa ilimfunika. Kwa hiyo wanawake wakifika pale walimtoa mtoto mgongoni wakampandisha begani, mbuzi walibebwa, na hakuna aliyepumzika hata awe amechoka vipi. Kando ya njia hukukosa kuona ndege amelala majanini, hana jeraha lolote.

Asubuhi moja baada ya mvua, upepo haukuwapo kabisa. Tuliteremka kibondeni. Mbwa alikuwa amejilaza katikati ya njia, kidevu juu ya miguu yake, nikampigia kengele. Hakuamka. Nilimzunguka, nikaanza kupanda nikiwa nimekaa kama kawaida yangu. Nyuma yangu shemeji alisimama akakanyaga kwa nguvu zake zote, atoke pale haraka, na nikasikia mlio wa chuma.

"Munyororo imetoka!" alisema. "We enda tu, mi nakuja."

Nilipanda kidogo, nikisubiri kumsikia akiutukana ule mnyororo, kwa kuwa kwa kutukana vyuma hakuwa na mpinzani. Sikusikia kitu. Nikageuka. Kulikuwa hakujakucha vizuri, na taa ya mafuta aliyokuja nayo alikuwa ameiweka chini ili aone. Niliuona mwali ukipungua, ukawa wa buluu, ukazimika, na hakuna jani lililotikisika. Shemeji alikuwa amepiga magoti, paji la uso limeegemea gurudumu, kama mtu anayesujudu. Nilimwita kwa sauti. Hakuitika.

Niliogopa. Miguu ilitaka kuendelea na mlima, na sijui ingefika wapi kama nisingemwona dada yangu akilini, amesimama mlangoni, ananiuliza mume wake yuko wapi. Niliitupa baiskeli, samaki wakamwagika matopeni, nikavuta pumzi ndefu, nikashuka mbio. Niliinama mara moja tu, pumzi nimeibana. Nikamshika kwapani, nikamwinua kama gunia la viazi, nikamburuta kinyumenyume kupanda mlima. Kifua kiliniwaka. Nilipofungua mdomo tulikuwa tumeshapita jiwe kubwa ambalo watu huliona ndio mwisho wa hatari.

Alikohoa, akatapika, akafumbua macho. Mimi nikalia, na nililia kwa sauti. Halafu, ili ninyamaze, nikajaribu kumtania.

"Leo ni we ulikaa, shemeji."

Hakucheka. Macho yake yalikuwa kule bondeni.

"Iko watu mingi pale chini," alisema. "Wote wamekaa. Walisogea, wakanipa nafasi."

"Nyamaza. Pumua kwanza."

"Wakauliza juu yako. Wakasema, ule mwenzako anapenda kukaa, atakuja lini?"

Nilisubiri acheke. Huyu alikuwa mtu wa kuucheka utani wake kabla hajaumaliza. Sasa alinitazama tu, midomo imekauka, na nikaelewa kwamba anataka nimjibu.

Nilimshika mkono, nikamwinua. Tuliokota samaki waliofaa. Baiskeli yake tuliiacha palepale mpaka jua lilipopanda na upepo ukaja kutoka ziwani.

Siku ya soko iliyofuata nilikipita kibonde kile nimesimama juu ya pedali, kutoka kwenye mteremko mpaka kileleni, mapaja yakiniuma. Shemeji alikuwa nyuma yangu, na hakunitania.