Nilipopeleka Sauti ya Kabula Lingeka

Sikwenda Lingeka kutembea. Nilikwenda kwa sababu nilisikia jambo ambalo kwa utaratibu wa sasa sikupaswa kulisikia, na kukaa nalo kulinishinda.

Ninyi wa nyumbani Kilosa mnajua kwamba nafundisha hapa Bariadi. Kisukuma bado kinanipiga chenga. Ili nijifunze, nilizoea kuingia jioni kwenye mtandao mmoja wa kijamii, katika chumba ambacho Wasukuma walioko nje ya nchi hukutana na kuongea kwa sauti. Mtandao huo ulipofungiwa, wengi hapa waliufuta kwenye simu zao. Mimi niliweka VPN, ile programu ya kupitia mlango wa uani. Mtumishi wa serikali hafanyi jambo hilo hadharani.

Jioni moja akaongea msichana aitwaye Kabula. Yuko Uarabuni, kazi za ndani. Bosi wake wa kwanza alimnyang'anya simu yenye namba zote za nyumbani. Sasa yuko kwa watu wengine, amepata simu nyingine, na amemwandikia binamu yake humo mtandaoni mara nyingi bila kujibiwa. Hakujua kwamba huku kumefungwa. "Kama kuna mtu wa Meatu," alisema, kwanza kwa Kisukuma halafu kwa Kiswahili, "amwambie mama yangu, kule kijijini Lingeka, kwamba nipo." Niliwasha maiki nimwombe namba. VPN ikakatika. Kila nilipojaribu tena, kiduara kikawa kinazunguka tu.

Lingeka sikuwa na mtu. Nilimpigia mwalimu mwenzangu wa Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, naye hakuwa na mtu huko. "Hiyo si habari ya kutuma," aliniambia. "Hiyo unaibeba mwenyewe." Shule ilipofungwa nikaibeba.

Kutoka Bariadi basi liliondoka asubuhi, nusu abiria, nusu magunia. Maswa tulikaa muda mrefu tukisubiri dereva anywe chai. Baada ya hapo lami ilituacha. Vumbi liliingia hata kwenye madirisha yaliyofungwa, na nchi ikazidi kukauka kadiri tulivyokwenda: miti mifupi ya miiba, ng'ombe wenye mbavu za kuonekana, mashamba ya pamba iliyokwisha kuchumwa. Nilijaribu kupanga maneno ya kumwambia huyo mama. Kila nilipoyapanga yalisikika kama ya tapeli.

Mwanhuzi nililala kwa yule mwalimu. Asubuhi alinitafutia bodaboda. Njia nzima nilishika begi kwa mkono mmoja na kilemba kwa mkono wa pili, na sikuwa na nguvu ya kumjibu dereva aliyetaka kujua nauza nini.

Lingeka, mgeni haendi moja kwa moja nyumbani kwa watu. Dereva alinishusha kwa mtendaji wa kijiji, mwanamume mpole mwenye macho mekundu ya usingizi. Nilimwambia mimi ni mwalimu wa Bariadi, nina salamu za Kabula. Akavaa viatu.

"Umekuja siku ngumu, mwalimu. Twende pamoja."

Kwa Mama Kabula palikuwa na watu. Mzee Limbu, shemeji yake, ndiye aliyenieleza, baada ya kuniamkua "mwangaluka" nami kuitikia vibaya. Binti hajasikika tangu mtandao ufungwe, na kuna mtu aliyeambiwa na mtu kwamba amekufa. Ukoo umekaa, umekubaliana kwamba amefia ugenini. Msiba utawekwa Jumamosi, na ng'ombe wa kuchinja ameshachaguliwa.

Nikasema, "Yupo hai. Nimemsikia."

Mama Kabula alikuwa anapepeta mahindi. Aliendelea kupepeta.

"Umemsikia wapi?" Mzee Limbu aliuliza.

Mtendaji alikuwa amekaa kando yangu. Nilifikiria kusema nimeambiwa na mtu. Lakini habari ya mtu aliyeambiwa na mtu ndiyo iliyowafikisha kwenye ng'ombe wa Jumamosi. Nikasema ukweli: kwenye mtandao ule uliofungiwa, kwa VPN, kwa masikio yangu.

Mtendaji alisimama polepole, akajikung'uta suruali. "Mimi nilikwenda kuangalia mifugo," alisema, "kwa hiyo hilo sikulisikia." Akaenda kweli, akasimama zizini akitupa mgongo.

"Tusikilizishe basi," akasema Mzee Limbu. Tulipanda kwenye kichuguu ambako mawimbi hushika. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, simu ikapata moto mkononi. Tukashuka.

Mama Kabula akaniuliza, bila kuinua macho, "Alikuwa anaongea haraka?"

Hilo sikutaka kulisema mbele za watu, kwa kumsitiri binti. "Hapana, mama. Ana kigugumizi. Neno Lingeka lilimkwama. Kuna waliocheka, akasubiri, akalianza upya."

Aliweka ungo chini. "Hulianza upya," alisema. "Tangu mdogo hulianza upya." Akajifunika uso kwa kanga, na wanawake wakamzunguka. Nami nikalia, nadhani kwa uchovu zaidi kuliko furaha.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda. Mama Kabula alinifungia karanga, tukatajiana namba; simu yangu ilikuwa imekwisha chaji, nami nikaikariri yake njia nzima hadi Maswa. Msiba waliuahirisha; Mzee Limbu hakutaka kusema umefutwa, maana yeye hakusikia kitu.

Bariadi, niliwasha simu jioni baada ya jioni. Ilipokubali, Kabula hakuwemo. Nilimwachia namba mwenye chumba, Msukuma anayeishi ughaibuni. Baada ya siku kadhaa Mama Kabula akanipigia. "Amepiga," alisema. "Nikamwambia tulitaka kukulilia. Ametukana ukoo mzima." Alikuwa anacheka. Ng'ombe amerudi kundini.

Mkiniuliza nimejifunza nini, sina kubwa. Waliofunga mtandao ule hawamjui Mama Kabula, wala hawakumkusudia. Hilo halikumpunguzia hata siku moja ya kumlilia mtu aliye hai.

Juzi niliingia tena, nikiwa nimetoka kusahihisha na miguu ikiniuma. Mwanamume mmoja alikuwa anauliza kama kuna mtu wa Maswa, anatafuta watu wake Nyalikungu. Wengi walikuwa mbali, na walio karibu labda waliogopa kujulikana. Nilitamani mwingine ajibu. Kisha nikawasha maiki.

"Mimi niko Bariadi," nilisema. "Taja haraka jina la mama yako, kabla haijakatika."