Kovu la Bakhita na Toleo la Zamani

Dada Balqis alikuwa na sheria moja katika kazi yake, na mwaka 2004 sheria hiyo nusura impandishe presha mpaka dari.

Alikuwa na studio ya picha Azaiba, huko Oman, kwenye barabara kuu, katikati ya fundi wa kanzu na duka la marashi. Ilikuwa studio ya wanawake peke yao. Mlangoni lilining'inia pazia zito la buluu, na mwanamume aliyekuja kumchukua mkewe alipiga honi nje akasubiri. Bibi harusi akifunua nywele na shingo mbele ya kamera, anajua picha ile itaonwa na mama yake, mashoga zake na mumewe, basi. Kwa hiyo tangu alipoacha kazi wizarani na kufungua studio mwaka 1996, Balqis alijiwekea ahadi: nakala moja tu. Enzi za filamu, alimkabidhi mama wa bibi harusi negativu zote mkononi. Zilipoingia kamera za kidijitali, alizihamishia picha kwenye kompyuta, kisha akaifuta kadi ya kamera mbele ya mama huyo. "Umeona? Hamna kitu." Na albamu ikishachukuliwa, alifuta za kwenye kompyuta pia. Kwa ahadi hiyo watu walimfuata kutoka Mawaleh mpaka Maskati.

Mimi ni Veneranda, mtu wa Bukoba. Nilikuja Oman kufanya kazi za ndani nyumbani kwake, na mwaka haujaisha akanihamishia studio kwa sababu, alisema, napiga pasi vizuri kuliko ninavyopika. Sikubishana, maana chakula changu nilikuwa nakila mwenyewe. Nilinyoosha mashela, nikashika taa, nikachemsha chai ya maziwa, na kompyuta nikaijua kwa kuchungulia begani kwake.

Balqis alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Hasira zake zilikuwa moto wa mabua, zikiwaka zimezima. Ila mbele ya picha alikuwa na subira ya ajabu. Alikuwa na programu ya zamani ya kusafishia picha, ya miaka mingi, na akiitumia alitoa chunusi moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Picha moja ilimla saa nzima.

Mdogo wake, Ghaith, alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja mjini. Akamwonea huruma, akamletea sidii yenye toleo jipya la programu ileile. Lilikuwa toleo la majaribio, bure kwa siku thelathini. Ndani yake mlikuwa na kitufe kimoja: ukikibonyeza, ngozi inajinyoosha yenyewe, shavu linang'aa, na chunusi hujui zimekwenda wapi. Balqis alikibonyeza mara ya kwanza akapiga kigelegele. Wiki nne tulikaa kama wafalme, kazi ya siku nzima ikiisha kabla chai haijapoa. Mimi niliona kwamba mabibi harusi wote sasa walifanana kama mayai ya trei moja, lakini nani aliniuliza?

Siku ya ishirini na nane akaingia Bi Khole, bibi yake Bakhita, bibi harusi wetu wa wiki ile. Mama yake Bakhita alifariki zamani, na bibi huyu ndiye aliyemlea. Tulikuwa tumempa picha tatu za mfano, aziridhie kabla ya kutengeneza albamu. Alizitandaza mezani, akavaa miwani.

"Balqis mwanangu, hii harusi ya nani?"

"Ya Bakhita, Bi Khole. Mashallah, kapendeza."

"Huyu simjui. Bakhita wangu ana kovu juu ya nyusi, hapa. Aliangukia mbuzi ya kukunia nazi, ana miaka mitatu. Limekwenda wapi?"

"Nimelitoa, Bi Khole. Watu wengi hupenda makovu yatolewe."

"Mimi si watu wengi. Nataka mtoto wangu." Akazirudisha picha kwenye bahasha, akaondoka na chai yake hajaigusa.

Balqis aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Haya ikageuka hasira, na hasira akaimalizia kwenye kompyuta. "Khalas, basi! Silitaki toleo hili. Nnarudi kwenye langu la zamani." Hapo hapo akalifuta lile jipya lote, akatoa sidii ya zamani kabatini, akaiingiza. Dakika kumi, programu yake ikarudi, vitufe vilevile mahali palepale. Akatabasamu. Kisha akafungua picha ya Bakhita ili alirudishe kovu, na programu ikakataa. Akajaribu ya pili, ikakataa. Picha zote sitini na nne zilikuwa zimehifadhiwa kwa toleo jipya, na la zamani halikuzijua hata kidogo.

Kadi ya kamera ilikuwa tupu. Aliifuta mwenyewe, mbele ya Bi Khole. Harusi haipigwi picha mara mbili, na harusi yote ya mtoto yule ilikuwa humo ndani ya mafaili yasiyofunguka. Balqis alikaa kitako sakafuni. Sijapata kumwona hivyo, na niliogopa.

Nilimpigia simu Ghaith. Akaja mbio, akafika mlangoni, na dada yake akaruka kutoka sakafuni akashika pazia kwa mikono miwili.

"Huingii! Kuna bibi harusi wa watu humu."

"Dada, sasa nitatengeneza vipi?"

"Huko huko nje. Sema, Veneranda atafanya."

Nikamtolea kiti cha plastiki na maji. Ilikuwa Juni, na jua la Maskati halina utani. Kupitia pazia akanielekeza niingize tena ile sidii ya majaribio. Programu ikakumbuka hesabu yake: zimebaki siku mbili. Nikafungua picha ya kwanza, ikafunguka. Balqis akasema alhamdulillahi mara tatu, mimi nikafanya ishara ya msalaba.

"Unaona nini?" akauliza Ghaith.

"Naona Bakhita, amevaa kijani, shingo..."

"Usimwambie!" Balqis akanifinya. "Sema unaona sinia tu."

"Naona sinia," nikasema.

"Sinia?"

"Ndiyo. Zuri sana."

Kicheko kikatoka huko nje. Ghaith akaeleza kwamba ule unyoofu wa ngozi umekaa kwenye tabaka lake peke yake juu ya picha, kama nailoni juu ya kochi jipya. Ukiliondoa, picha ya asili ipo chini, haijaguswa. Nikashika mausi, nikaliondoa. Pale juu ya nyusi likatokea kovu dogo, jeupe, limepinda. Balqis akaligusa kwenye kioo cha kompyuta, machozi yakamtoka huku anacheka.

Sitini na nne, moja moja, tukaziondolea nailoni na kuzihifadhi kwa namna ambayo toleo la zamani linaisoma. Kila baada ya muda sauti ilitoka nje: "Sinia la ngapi?" Tulipomaliza, tukalifungua lile la zamani na kuhakikisha kila picha. Ndipo tukaliondoa la majaribio, safari hii kwa utaratibu, kabla siku zake mbili hazijaisha. Na Balqis akabadilisha sheria yake. Toka siku ile kila mama alipewa na sidii ya picha zake ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi. Bi Khole, ambaye hakuwa na kompyuta na hakuitaka, aliifungia ya kwake sandukuni pamoja na dhahabu.

Alipokuja kuchukua albamu, alifungua kurasa zote bila kutazama nguo wala maua. Alitazama nyusi tu. "Ndiye," akasema. "Ndiye mwenyewe."

"Tusamehe, Bi Khole," Balqis akamwambia. "Hatukujua kama unalipenda hivyo."

"Silipendi, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwacha jikoni na ile mbuzi. Dakika moja tu, nnakwenda mlangoni. Kila nikiliona, humwomba msamaha kimoyomoyo. Mkilifuta, nitauombea wapi?"

Safari hii chai aliinywa, akaomba na kikombe cha pili.