Rashi ya Kitwitwi

Geita usichuchumae ukatazama chini. Ukichuchumaa, watu wanajua umeona dhahabu. Mimi nimezaliwa hukuhuku na bado nilifanya kosa hilo, kando ya bwawa la kunyweshea ng'ombe, kwa sababu kitwitwi alikuwa ametotoa kwenye changarawe. Vifaranga vilikuwa na rangi ya changarawe yenyewe na miguu mirefu kuliko akili. Kila mama yao alipolia, vilijilaza chini na kuwa mawe. Nilivipenda papo hapo.

Kijana wa bodaboda akasimama. "Shikamoo, mzee. Umeona nini?"

"Marahaba. Vifaranga."

Akatabasamu kama mtu aliyeambiwa siri. "Vikubwa?"

"Vidogo sana."

"Hata vidogo vinauzika, mzee," akasema, akatoa simu.

Jua halijapanda vizuri, rashi ikawa imefika, maana ndivyo wachimbaji wanavyoziita mbio za kukimbilia dhahabu mpya. Walikuja na sururu, mabeleshi, vijiti vya kuwekea mipaka, na mganga mmoja ambaye hakuitwa na mtu. Niliwaapia kwamba ni ndege. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyoniona mchoyo. Mabuti yalikuwa yanakaribia vifaranga.

Ndipo mama yao akajitokeza. Akaburuta bawa moja kana kwamba limevunjika, akilia, akielekea kwenye kichuguu upande wa pili wa bwawa. Nilijua ni ujanja wa kumvuta adui mbali na wanawe. Mganga alijua zaidi.

"Huyo anaonyesha mahali," akatangaza.

Wote wakamfuata. Alipofika kichuguuni akaruka, mzima kabisa, nao wakaanza kuchimba pale pale.

Alibaki mama ntilie, aliyekuja na ndoo ya maandazi, kwa kuwa hakuna rashi bila chai. Kitwitwi akarudi, akaita, na yale mawe yakaota miguu. Mama ntilie akavitazama, kisha akawatazama wachimbaji kule, jasho likiwatoka.

"Kumbe ni vifaranga kweli, baba."

"Twende tukawaambie," nikasema.

"Waache kwanza," akajibu, akijitwika ndoo. "Na mimi nina wanangu wa kulisha nyumbani."

Akazunguka bwawa taratibu, akiwauliza kwa sauti kama dalili zimeanza kuonekana.