Karasha Lisilotoa Vumbi

Mdogo wangu alikohoa miezi mingi kabla sijashtuka. Alikuwa akisaga mawe ya dhahabu huku kwetu Tarime, siku nzima amesimama mbele ya karasha, ile mashine ya kuponda mawe, vumbi jeupe limemjaa mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea, nina kibanda Bomani. Siku aliyotema damu mbele yangu, nilichukua karasha lake, nikalifunika kwa bati zito, nikapitisha juu bomba lenye matundu madogo ili maji yadondokee mawe yanapopondwa. Nilikosea mara nne. Maji yakizidi, unga unaganda; yakipungua, vumbi linatoka. Mara ya tano likakubali.

Wachimbaji wakaanza kuja, nikamtengenezea kila aliyeomba.

Halafu akaja mgeni mmoja mpole, Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka. Alisema anatafiti afya za wachimbaji. Mke wangu alimpikia ugali na nyama. Akapiga picha, akapima kila tundu, akauliza kwa nini bomba nimelilaza vile. Nikamweleza yote. Nilijiona mtu mkubwa.

Mwaka uliofuata, makarasha mapya yaliingia kupitia mpakani Sirari, yamepakwa rangi ya bluu. Nikainama kulitazama moja. Bomba limelala vilevile. Hata lile tundu la pembeni nililotoboa kwa bahati mbaya, nao walikuwa wamelitoboa.

Barua ikafuata: niache kutengeneza, kampuni inayoyaleta ina hataza, haki ya uvumbuzi. Nikaenda Mwanza kwa wakili.

"Wamesajili uvumbuzi huu kwao," akanieleza, "na kupitia ofisi ya hataza ya nchi za Afrika wameusajili mpaka Tanzania. Mwingine yeyote haruhusiwi kuutengeneza."

"Uvumbuzi wangu mwenyewe?"

"Kama ulitumika hadharani kabla hawajaomba, hataza yao inaweza kufutwa. Lete ushahidi. Picha, risiti, michoro, chochote chenye tarehe."

Picha zote zilikuwa kwenye simu ya yule mgeni. Michoro yangu niliichora kwa chaki sakafuni, na risiti sikuwahi kuandika.

Nikatafuta mashahidi. Dhahabu ya kwetu ilikuwa imepungua, wachimbaji wameshahamia mikoa mingine, simu zao hazipatikani. Nilimpata mmoja tu, mzee aliyerudi kulima Morotonga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura, kijana wangu."

Mashine aliikumbuka, hata mlio wake. Nilipomuuliza ilikuwa mwaka gani, alifikiri sana.

"Mwaka ule walioniibia ng'ombe," akasema.

Nilimpeleka kwa wakili, akarudia maneno yale yale. Wakili akaweka kalamu chini. "Mahakamani hiyo si tarehe, mzee wangu."

Kesi haikufunguliwa. Mdogo wangu tulimzika kabla ya mavuno, na yule mgeni sijamwona tena.

Nikarudi kutengeneza makarasha ya zamani, yale ya wazi, kwa sababu yale yanayotoa vumbi hayana hataza ya mtu. Mwanamke mmoja alikuja kununua karasha, akalizunguka mara mbili.

"Fundi, si nasikia wewe unaweka kifuniko na maji?"

"Nimekatazwa, mama."

"Na nani?"

Nikamshikia upande mmoja, tukalipakia kwenye gari.