Kiapo kwa Wenye Jarida

Mwanangu, hadithi hii inanifanya nionekane mjinga, lakini nakupa hivyo hivyo, maana umenuna tangu jarida likurudishie makala yako na maswali. Kaa hapo.

Enzi za mkoloni, ile miaka ya hamsini, nilikuwa kijana wa kijiji cha Nyanungu mwenye darasa la nne na mdomo wa darasa la kumi. Akaja daktari wa mifugo, Mzungu, kuchunguza ndigana, huu ugonjwa wa kupe uliokuwa unatumalizia ndama. Akanichukua niwe mkalimani. Ndama wa maboma mengine tukawaosha kwa dawa ya kupe, wengine tukawaacha. Waliooshwa wakakua, wasiooshwa wakafa wengi. Daktari akaandika makala, akaituma Ulaya kwenye jarida la wataalamu. Ikichapwa, akaniambia, serikali itakubali kutujengea josho, birika la dawa la kuogeshea ng'ombe. Nikaanza kutembea kijijini kama vile josho ni la baba yangu.

Makala ikarudi. Wenye jarida wanauliza: mnajuaje ni dawa? Ndama wote walichungwa sehemu moja?

"Bwana Daktari, hawa wanatuita waongo!"

"Hapana. Wanauliza tu."

"Kwetu mtu akikutilia shaka, unakula kiapo, maneno yanaisha. Nakuletea mtu aape, wewe waandikie tu kwamba tumeapa."

Nikamkimbilia bibi yangu, Bhoke, ambaye neno lake liliaminika hata na waliomchukia. Nikamkuta anakamua.

"Shikamoo bibi. Njoo uape mbele ya daktari."

"Marahaba. Niape nini, mura, kijana wangu?"

"Kwamba ndama wote walichungwa pamoja."

"Uliwaona?"

"Sikuwaona, ila..."

"Ila nini? Kiapo cha uongo kinakula mtu na ukoo wake. Unataka nife, na wajukuu wanifuate, kwa ajili ya gazeti la Wazungu?"

"Ni jarida, bibi."

"Haya, basi nife kwa jarida! Toka hapa, nenda kaangalie!"

Nikaenda boma kwa boma, daktari nyuma yangu. Kumbe karibu wote tuliowaosha walikuwa wa watu wanaofungia ndama nyumbani na kuwakatia majani. Kupe wangewapatia wapi? Daktari akakaa chini. Nikaliona josho linaondoka hivi hivi.

"Tunaanza upya," akasema.

Safari hii tukachukua ndama wanaochungwa pamoja, nusu tukaosha, nusu tukaacha. Bibi naye akatoa wake. Mwanangu, kukubali ndama wako akose dawa ili mtu aandike ukweli si mchezo. Ndama mmoja wa bibi alikufa. Dawa ilisaidia kweli, ila si kama tulivyojisifu mwanzo, na tukaandika hivyo hivyo. Jarida likaichapa. Josho likajengwa.

Siku ng'ombe wa kwanza wanaingia majini, nikatembea mpaka kwa bibi, kifua mbele: "Umeona tulivyowashinda wale wa maswali?"

Akasema: "Hujamshinda mtu, mura. Aliyekuuliza hakukutukana, alikuzuia usiape bure. Ukiulizwa, usikasirike. Nenda kaangalie, rudi useme ulichokiona, hata kama kinakuaibisha. Mungu akupe miaka mingi, na kila mwaka akupe mtu wa kukuuliza."